Kicheko cha Mjane

Katika miaka yangu ya ualimu nimetazama vichekesho vingi, pengine vingi kuliko vitabu nilivyovisoma. Nimevitazama kwenye mabwalo ya shule, chini ya miembe, kwenye viwanja vya kanisa, siku za wazazi, siku za kuwaaga darasa la saba, na siku za sherehe za taifa wakati mgeni rasmi amechelewa na watu wameanza kusinzia juani. Mwalimu mkuu anapoona watu wanasinzia humwambia mwalimu wa utamaduni neno moja tu: "Leta kichekesho." Basi watu huamka.

Hata hivyo, si kila kicheko ni cha furaha, na si kila anayecheka amefurahi. Jambo hili sisi watu wa Bukoba na Muleba tulifundishwa mapema, tena kwa namna ya ajabu. Katika sura hii nataka kueleza historia ya vichekesho kadiri ninavyoifahamu, hasa vile vinavyowahusu wanawake na taabu zao za kila siku. Nitaeleza pia habari ya kichekesho kimoja kilichochezwa shuleni kwangu mwaka 1991. Hicho sikukitunga mimi, lakini nilikuwamo ndani yake.

Kwanza nieleze kichekesho ni kitu gani, kwa faida ya vijana ambao leo wamezoea kutazama michezo katika televisheni na simu. Kichekesho ni mchezo mfupi wa kuigiza, wa dakika 10 au 20, usioandikwa. Wachezaji hukaa pamoja wakakubaliana kisa: nani ataingia kwanza, nani atagombana na nani, na mwisho utakuwaje. Maneno yenyewe huja hapohapo jukwaani. Wahusika wake ni walewale wanaofahamika: mlevi, mganga wa uongo, karani mla rushwa, mtu wa shamba aliyefika mjini kwa mara ya kwanza, mke mgomvi, na mama mkwe. Mapambo hayana gharama. Unga kichwani ni mvi, mto tumboni ni mimba, na mkongojo hutengenezwa kwa ufito wa mbuni. Zamani wanaume ndio waliocheza nafasi za wanawake, na kule kuvaa kanga kwa mwanamume mwenye ndevu kulikuwa nusu ya kicheko chote.

Mchezo wa namna hii ulikua wakati wa ukoloni. Katika shule za wakati ule michezo iliyoheshimiwa ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilichezwa kwa kukariri. Kichekesho kilikuwa mtoto wa kando, kikichezwa kwa Kiswahili wakati wa mapumziko. Lakini mtoto huyo wa kando ndiye aliyependwa na watu. Mara nyingi kilimcheka mtu dhaifu: mshamba asiyejua kutumia uma, mzee asiyejua kusoma, mwanamke asiyejua mambo ya mjini. Wenye nguvu hawakuchekwa sana, kwa sababu wao ndio waliokaa katika viti vya mbele.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sanaa za jukwaani zilipewa kazi ya kufundisha siasa. Hapo ndipo ngonjera za Mathias Mnyampala zilipoenea mashuleni, nasi vijana wa vyuo vya ualimu tulizikariri mpaka tukaziota usingizini. Vichekesho viliendelea pembeni. Baadaye vikundi vikubwa vya sanaa vya Dar es Salaam, kama Muungano cha Norbert Chenga, na kuanzia mwaka 1992 Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba, viliviweka pamoja na ngoma, sarakasi na taarabu katika onyesho moja. Radio Tanzania nayo ilitupa Pwagu na Pwaguzi, nasi wa vijijini tulikusanyika kwenye redio moja yenye betri dhaifu, tukacheka.

Waandishi wa tamthilia hawakukidharau kichekesho. Ebrahim Hussein alikitumia katika mchezo wake uitwao Alikiona, uliotoka mwaka 1970, unaohusu mke anayemdanganya mumewe. Lakini aliyewageuzia watazamaji uso waone upande wa pili ni Penina Muhando. Katika Hatia ya mwaka 1972 alimweka mbele yetu msichana mwenye mimba. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 aliwaleta wanawake wa kijiji kimoja, Bi Moja mpaka Bi Nane, wanaojaribu kuisimamisha nguzo isiyosimama. Msomaji wa Nguzo Mama hucheka, lakini kicheko chake kina mwiba. Anacheka huku akijiuliza ni nani anayeiangusha nguzo hiyo.

Mwalimu huyohuyo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, katika Mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983, wakakaa na wanakijiji na kuwaomba waigize matatizo yao wenyewe. Tatizo lililojitokeza mbele ya mengine lilikuwa mimba za wasichana. Mwaka 1996 mawazo ya namna hiyo yalizaa mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambapo wasichana wenyewe walitunga michezo kuhusu yanayowasumbua. Neno hilo, tuseme, linanipendeza. Maana yake si "tuambiwe", wala si "tusemewe".

Sasa nirudi nyumbani kwetu.

Mwaka 1962 nilikuwa mtoto wa miaka 12, katika sehemu ambayo baadaye ilikuja kuwa Wilaya ya Muleba. Nchi ilikuwa imepata Uhuru wiki saba tu zilizopita. Tarehe 30 Januari, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka. Wakacheka wasiweze kujizuia. Wenzao wakaambukizwa, na kufikia katikati ya mwezi Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Ilipofunguliwa tena mwezi Mei, wengine 57 wakapatwa, na mwishoni mwa Juni ikafungwa mara ya pili.

Wasichana walipopelekwa makwao, kicheko kilisafiri nao. Kilifika Nshamba, ambako watu 217 walipatwa katika mwezi wa Aprili na Mei. Kilifika pia katika shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, na huko wanafunzi 48 wakaugua. Watu walikiita endwara y'okusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Mtu angeweza kushikwa kwa dakika chache au kwa saa kadhaa, akapumzika, kisha akashikwa tena. Wengine iliwachukua mpaka siku 16. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula na maji, wasione sumu wala kijidudu. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika habari hiyo katika jarida la utabibu mwaka 1963, na tangu hapo dunia nzima inaisimulia kama hekaya ya kuchekesha.

Sisi tuliokuwapo hatukuiona kuwa ya kuchekesha. Nakumbuka mama yangu akitukataza kupita njia fulani. Nakumbuka msichana mmoja wa jirani aliyerudishwa nyumbani, jinsi alivyocheka huku machozi yakimtiririka, na jinsi alivyokimbia alipojaribu mtu kumshika. Taarifa ya madaktari nayo ilitaja kilio na mahangaiko pamoja na kicheko, lakini wasimuliaji wa siku hizi hupenda kuliacha jambo hilo. Baadaye wataalamu wengi walikubaliana kwamba chanzo kilikuwa dhiki ya moyo. Wasichana walikuwa mbali na mama zao, chini ya sheria kali za bweni, katika nchi iliyokuwa ikibadilika kila siku, na hawakuwa na mahali pa kusema. Mwili ukasema kwa niaba ya kinywa. Walimu wa shule ile hawakupatwa hata mmoja. Jambo hili nimelitafakari sana tangu nilipokuwa mwalimu.

Basi huko Kashasha tulijifunza kwamba kicheko chaweza kuwa kilio kilichokosa mlango.

Na wanawake wa kwetu walikuwa na ya kulilia. Mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zikatolewa katika Tangazo la Serikali namba 436. Kwa sheria hizo, warithi walipangwa kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wavulana wengine katikati, na mabinti chini kabisa. Mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hakuweza kuiuza. Mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Kwa Mhaya, ardhi ya ukoo ni kibanja, na kibanja si shamba tu. Ni migomba, ni mibuni, ni nyumba, ni makaburi ya wazee. Kumwondoa mtu kibanjani ni kumwambia kwamba hata akifa hana pa kulala.

Kisha likaja balaa la pili. Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, magendo yalishamiri mpakani, na vijana wetu walivaa vitambaa vilivyoitwa Juliana kutoka Uganda. Ugonjwa mpya ulipoanza kuwakondesha na kuwaua, watu waliupa jina la kitambaa hicho. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani mwetu. Katika miaka iliyofuata nilizika walimu wenzangu, nikazika wazazi wa wanafunzi, nikazika wanafunzi niliowafundisha a, e, i, o, u. Mazishi yalikuwa mengi mpaka tukafupisha matanga. Na kila matanga yalipomalizika, ukoo ulikaa kugawa mali, na mara nyingi mjane alisimama mlangoni akisubiri kuambiwa aende wapi.

Mwaka 1988 alifariki kaka yangu.

Aliacha mke na watoto wanne, nyumba ya bati, kibanja kizuri, baiskeli na ng'ombe wawili. Siku ya nne wazee wa ukoo walikaa. Kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu mkuu, nilipewa kazi ya kuandika. Nililetewa daftari jipya na kiti chenye mgongo. Wazee walizungumza kutwa nzima. Walisema kwamba shemeji yangu bado ni kijana, ataolewa kwingine, na kibanja cha ukoo kitamezwa na mtu wa ukoo mwingine. Walinong'ona pia kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani, jambo ambalo kila aliyemjua kaka yangu na safari zake za mpakani alifahamu kuwa ni uongo. Wakaamua watoto wabaki na ukoo, naye arudi kwao.

Mimi niliandika. Nina mwandiko mzuri, niliufundishwa chuoni na kuusifiwa. Niliandika: "Imeamuliwa kwamba mjane arudi kwao." Shemeji alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, upande wa wanawake. Aliniangalia mara moja, akatazama chini. Hakuna aliyenikataza kusema. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma kuliko wote pale. Lakini nilijiambia kwamba mimi ni mdogo katika ukoo na kwamba wenye neno ni wazee, kisha nikajifariji kwa methali kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ninaijua vizuri methali hiyo. Nimeifundisha kwa miaka mingi. Siku ile neno liliharibika mbele ya wazee kumi na mmoja na mwalimu mmoja.

Mtoto mmoja wa kaka, msichana aliyekuwa darasa la tatu, alikuja kukaa nyumbani kwangu. Nilimnunulia sare na madaftari, nikaona kwamba nimetimiza wajibu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1991, tulikuwa na siku ya wazazi. Wasichana watano wa darasa la sita waliomba ruhusa ya kucheza kichekesho. Mwalimu wao wa Kiswahili aliwaruhusu. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mtoto wa kaka aliniomba koti langu kuukuu la rangi ya kahawia. Nilimpa bila kuuliza la kazi gani.

Kesho yake uwanja ulijaa. Mimi nilikaa mbele, pamoja na wajumbe wa kamati ya shule na mgeni rasmi. Kichekesho kilianza kwa matanga. Mume amekufa, na mashemeji wanaingia wakilia kwa sauti kubwa, huku jicho moja likihesabu kuku. Shemeji mmoja alijaribu viatu vya marehemu. Vilikuwa vidogo, lakini hakukubali kuviacha; alizunguka jukwaa zima akichechemea na kusema, "Vimenikaa sawasawa, tena marehemu mwenyewe aliniahidi." Mwingine aliubeba mlango, kwa hoja kwamba ubao ulitoka katika mti wa ukoo. Wa tatu alikibeba kinu na mchi, na alipoulizwa mwanaume atatwanga nini, akajibu, "Nitatwangiwa." Watu walicheka wakashika mbavu. Mgeni rasmi alifuta machozi kwa leso. Mimi nami nilicheka.

Kisha akaingia mtu wa nne, amevaa koti la kahawia lililomfika magotini, daftari kwapani na kalamu sikioni. Alijitambulisha kuwa ni Mwalimu Kalamu. Alipewa kiti. Kila mashemeji walipotamka jambo la udhalimu, yeye aliandika kwa madaha, akarudia kwa kunong'ona kama mtu anayeandikisha imla. Mjane alimwendea, akapiga magoti, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Hivi ni haki?" Mwalimu Kalamu aliinua uso, akafikiri, akasema, "Mimi naandika tu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mjane akauliza tena, "Sasa mimi mnaniandika wapi, kwenye ukurasa wa kuku au wa mbuzi?" Mwalimu Kalamu akafungua daftari, akalitazama mbele na nyuma, akawageukia wazee na kuuliza kwa heshima, "Samahani, wazee wangu, mjane anaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo?"

Hapo nilikuwa bado nacheka. Ninakiri kwamba nilikuwa bado nacheka. Mzazi aliyekaa pembeni yangu aliacha kucheka kabla yangu, nikamwona akilitazama koti lile, kisha akinitazama mimi. Ndipo nami nikalitambua koti langu. Kicheko kilinikauka kooni. Nyuma yetu watu waliendelea kupiga makofi, na wanawake waliokuwa wamekaa chini ya miembe walikuwa wakicheka kuliko wote. Baadhi yao walikuwa wajane. Walicheka na machozi yaliwatoka, nikakumbuka Kashasha.

Jioni mtoto alinirudishia koti, amelikunja vizuri. Alisema, "Asante, baba mdogo." Hakuongeza neno, nami sikumuuliza. Baadaye niligundua kwamba daftari la ukoo lilikuwa kabatini kwangu, pamoja na vitabu vya hadithi nilivyomruhusu asome.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kusikia habari ya hukumu moja, lakini nilikuwa nimeisikia kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha pili. Mwanamke mzee wa wilaya yetu, Bi Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000, kwa sababu amezeeka na hana wa kumletea fedha. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaitengua hukumu hiyo. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, na mwezi Februari mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu ambayo hadi leo inafundishwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika. Alisema kwamba haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zinakataza ubaguzi, kwa hiyo mwanamke ana haki ya kuuza kama aliyonayo mwanamume. Mpwa akiitaka ardhi hiyo, na airudishe fedha ya mnunuzi.

Tazama jina la mahakama ilikoanzia kesi: Kashasha. Mwaka 1962 jina hilo lilitokana na wasichana waliocheka kwa kukosa mahali pa kusema. Mwaka 1990 jina hilohilo liliingia katika vitabu kwa ajili ya mwanamke mzee aliyesema, na akasikilizwa.

Jumamosi iliyofuata siku ya wazazi nilipanda baiskeli kwenda kwa wazazi wa shemeji. Nilimkuta sokoni, anauza dagaa juu ya gunia. Nilianza kumweleza habari za Katiba na za Jaji. Alinisikiliza akipima dagaa wa mteja. Nilipomaliza aliuliza, "Umekuja na daftari, Mwalimu?" Nikamwambia sikuja nalo. Akasema, "Basi leo tunaweza kuzungumza," akacheka. Nilicheka naye, kwa aibu.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yaliisha vizuri kama katika mchezo. Hukumu ile ilihusu kuuza ardhi; haikugusa fungu la mjane. Ilituchukua miezi minane ya vikao. Nilitukanwa, nikaambiwa nimelishwa dawa. Mzee mmoja hakusema nami tena mpaka alipokufa. Nusu ya kibanja ilikuwa imekwisha kuuzwa, na haikurudi. Lakini shemeji alirudi katika nyumba yake na katika nusu iliyobaki, akawalea watoto wake, akapata kahawa ya kuuza. Ugonjwa ambao watu walisema ameuleta hakuwa nao. Alifariki mwaka 2009, akazikwa katika kibanja hicho, karibu na mumewe. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao cha baada ya mazishi, na safari hiyo nilizungumza kabla ya kuandika.

Nikitazama nyuma naona kwamba vichekesho vya wanawake vimepita katika hatua mbili. Katika hatua ya kwanza tulimcheka mwanamke: mdomo wake, ushamba wake, wivu wake. Katika hatua ya pili, mwanamke alishika jukwaa mwenyewe na kutuonyesha kinachochekesha hasa, yaani shemeji anayechechemea katika viatu vya marehemu. Kisa ni kilekile, matanga ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali kicheko kinapoangukia. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993, ulifanya hivyohivyo. Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, alituchekesha sana, lakini mwisho tulibaki tukimheshimu mkewe, Tunu, aliyeamua kujitegemea.

Watu hunilaumu nikisema haya. Husema kwamba mambo mazito hayafai kuchekewa, kwamba mjane ni wa kuhurumiwa. Mimi najibu kwamba huruma tulikuwa nayo tele. Siku ile ya kikao cha ukoo wazee wote walimhurumia shemeji. Mmoja alitoa hata shilingi kumi za nauli. Huruma haikumzuia mtu yeyote kumfukuza. Mahubiri nayo tulikuwa tumeyasikia, na mtu anayehubiriwa hujilinda kwa kumfikiria jirani yake. Lakini mtu anayecheka amekwisha kufungua mlango. Anapokuja kutambua kwamba anayechekwa ni yeye, hawezi tena kuufunga.

Sheria nazo zimesogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hata hivyo, mila zilizoandikwa mwaka 1963 hazikufa kwa kutamkwa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema kwamba nchi yetu haikuwatendea haki wajane wawili walionyimwa mali za waume zao kwa mila hizohizo. Yaani miaka 25 baada ya hukumu ya Mwanza, bado mjane alikuwa akisimama mlangoni.

Nimestaafu. Mtoto aliyevaa koti langu sasa ni mwalimu, na wanafunzi wake hucheza vichekesho. Mara moja moja hunialika, nami hukaa nyuma, si mbele. Siku hizi watoto hawacheki mjane. Wanamcheka anayemnyang'anya mjane, mwenye nyumba anayemvizia mpangaji, na mume anayeuza kahawa usiku ikingali maua. Wanawake walio chini ya miti hucheka mpaka machozi. Sijui kila mmoja analilia lipi. Lakini wanapoondoka wanazungumza, tena kwa sauti.

Koti lile la kahawia bado ninalo. Limeliwa na nondo, halivaliki. Mke wangu amekwisha kuniuliza mara nyingi nalitunzia nini, nami humjibu kwamba ni kumbukumbu za kikao.